Mama ni Binadamu?

Siku ya somo langu la majaribio niliandika ubaoni sentensi moja kwa Kifaransa, ile ile tuliyoikuta kwenye madaftari tangu tukiwa wadogo: binadamu anaharibu mazingira. Nikaipigia mstari kwa chaki nyekundu. Wanafunzi wakaisoma wote pamoja mara mbili. Ili nijue kama wameelewa, nikaomba mmoja aitafsiri kwa Kiswahili. Mvulana wa benchi la mbele akasimama, akasema kwa sauti, "Mwanaume anaharibu mazingira." Wasichana wakapiga makofi. Ni kosa la kawaida, maana kwa Kifaransa neno l'homme ni mwanaume, tena ni binadamu, na mtoto alichukua maana aliyoizoea. Nikamsahihisha, tukacheka, tukaendelea.

Ndipo msichana mmoja wa nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, mama ni binadamu?"

Darasa likacheka tena. Na mimi nilicheka kidogo, nikasema ndiyo, mama ni binadamu. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba mama yake alienda kutafuta kuni siku mbili zilizopita, akakimbizwa huko porini, akarudi nyumbani bila kuni na bila panga. "Sasa ni yeye anaharibu?"

Nilimwambia akae, swali hilo tutalijibu kipindi kingine. Aliyekuja kunipima alikuwa amekaa pale nyuma na fomu yake magotini, na muda ulikuwa unakwisha. Alinipa alama nzuri. Aliandika kwamba lengo la somo limefikiwa, kwa sababu mwishoni wanafunzi waliweza kuirudia sentensi bila kuangalia ubao. Yule msichana naye aliirudia. Nilisikia sauti yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza jambo ambalo linaonekana dogo. Je, nilichomfundisha kilikuwa kweli? Kila neno la sentensi ile linaweza kutetewa. Mazingira yanaharibika, na wanaoyaharibu si nyani. Lakini mtoto alitoka darasani akiamini kwamba sayansi imemtaja mama yake, na mimi nilijua kwamba sayansi haikusema hivyo, nikanyamaza kwa ajili ya alama.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili linaniuma mimi hasa. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi. Nikiwa mdogo radi ilipiga nyumba ya jirani, ikaua mbuzi wawili na mtoto wa kiume. Kabla ya matanga kwisha, jina la bibi mmoja mjane lilikuwa limeshatajwa. Hakuna aliyemwona akifanya lolote. Alikuwa mzee, alikaa peke yake, aliwahi kugombana na mama wa marehemu juu ya mpaka wa shamba la mihogo, basi. Aliondoka kijijini usiku na hatukusikia habari zake tena. Miaka ilipita, tukakimbia, tukafika hapa Nyarugusu. Nikiwa sekondari hapa kambini, mwalimu mmoja akatueleza jinsi chembe za barafu zinavyosuguana ndani ya wingu kubwa, jinsi chaji zinavyotengana, moja juu na nyingine chini, mpaka umeme utafute njia ya kwenda ardhini kupitia kitu kilichoinuka. Nilikaa kwenye benchi nikimfikiria yule bibi. Umeme haukuwa na habari na mpaka wa mihogo. Siku hiyo ndiyo niliyoamua kwamba nitaingia sehemu ya ualimu na nitafundisha mambo ya dunia, mawe, mvua na hewa.

Kwangu mimi, basi, elimu hii ilianza kwa kumwondolea mtu asiye na kosa kidole kilichokuwa kimemwelekea. Na sasa nimesimama na chaki nyekundu, kidole kimerudi, kimemwelekea mama wa kuni.

Tuingie kwenye somo lenyewe, maana huko ndiko nilikoona kosa langu. Ukuni unaoungua kwenye mafiga unatoa hewa ukaa, hilo halina ubishi. Lakini kaboni iliyomo kwenye ukuni ule ilikuwa hewani juzi tu. Kama mti ulikuwa na miaka 20, basi kaboni yake yote iliingia kupitia majani katika miaka hiyo 20. Ukiukata na kuuchoma inarudi ilikotoka, na mti mwingine ukiota pale inachukuliwa tena. Ni kama pesa inayozunguka sokoni: leo iko kwa muuza nyanya, kesho kwa muuza sabuni, lakini soko ni lile lile. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni habari nyingine. Kaboni yake ilizikwa chini ya mawe mamilioni ya miaka iliyopita, haikuwa kwenye mzunguko kabisa, na watu wameichimba na kuimwaga hewani ndani ya karne mbili hivi. Hiyo ni pesa mpya inayoingizwa sokoni kila siku bila bidhaa mpya kuongezeka.

Watu wamelijua jambo hili kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Mwaka 1896 Msweden mmoja, Svante Arrhenius, alikaa akapiga hesabu kwa mkono kuona dunia ingepata joto kiasi gani kama hewa ukaa ingeongezeka. Mwaka 1958 Mmarekani Charles David Keeling alianza kuipima juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, na upimaji huo unaendelea mpaka leo. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa hewa ukaa. Keeling alipoanza alikuta kama 315. Siku hizi zimepita 420.

Nilipomweleza mwenzangu tunayesoma naye, alisema wanafunzi hawataelewa "sehemu milioni moja", na alikuwa na haki. Tukajaribu na mahindi. Chukua punje laki moja. Kwa makadirio yetu ni debe mbili hivi, hatukuzihesabu zote, nani ana muda huo. Zamani, katika punje laki moja, 28 zingekuwa nyekundu. Sasa ni 42. Ziweke mkononi, hata kiganja hakijai. Watu wakiona hivyo huuliza, eti hizo ndizo zinaleta joto? Ndiyo. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, zinaacha joto la ardhi lipite kwenda juu. Hizi chache ndizo zinazolikamata. Pilipili moja kwenye sufuria ya maharage nayo ni kidogo.

Sasa, zile punje 14 zilizoongezeka, nani aliziweka? Hapo ndipo neno "binadamu" linaponishinda. Mmarekani mmoja, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe yanayochomwa nchini kwake, anatoa karibu tani 14 za hewa ukaa kwa mwaka. Mkongomani mmoja, kwa hesabu hiyo hiyo, hafikishi kilo 100. Yaani Mmarekani mmoja ni zaidi ya Wakongomani mia moja na arobaini. Wote ni binadamu, na sentensi ya ubaoni iliwaweka kwenye mstari mmoja na chaki ya rangi moja.

Nilipofika hapo kwenye kusoma kwangu nilifurahi, lazima nikiri. Kwa muda wa wiki moja hivi nilitembea kambini kama mtu aliyeshinda kesi. Nilimwambia mwenzangu kwamba nimepata jibu la yule msichana: si mama yako, ni wao. Mwenzangu alipenda. Jioni kwenye vijiwe ni maneno matamu hayo, kila mtu anakubali, hata wale ambao kwa kawaida hawakubaliani juu ya mpira.

Lakini hesabu ile ina mlango wa nyuma ambao nilikuwa nimeufunga makusudi. Inahesabu mafuta, gesi na makaa ya mawe tu. Haihesabu misitu. Ukiingiza misitu inayokatwa na kuchomwa, sura ya nchi yetu inabadilika, maana Kongo ni mojawapo ya nchi zinazopoteza msitu mwingi zaidi wa asili duniani. Na wanaokata wengi wao si mabwana wenye mitambo, ni watu kama wazazi wetu, wanaofungua shamba jipya la mihogo au kuchoma mkaa upelekwe mjini. Si kwamba hilo linawafanya sawa na wenye viwanda. Tani za Kongo zote ukizigawa kwa watu wake bado hazifikii za Mmarekani. Ila siwezi kusimama darasani na kusema hatumo.

Tena kuna huyu jirani hapa. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Kwa miaka yote hii tumepika, na tulichopikia zaidi kimetoka kwenye miti ya Wilaya ya Kasulu, ambayo si yetu. Nilisema juu kwamba ukuni ni pesa inayozunguka. Inazunguka mti ukiota tena. Miti mingi ya miombo ukiikata huchipua yenyewe kutoka kwenye kisiki, ukiiacha. Lakini nenda uangalie karibu na kambi: hata visiki vinang'olewa, kwa sababu kisiki nacho kinawaka, tena kinawaka polepole, kinafaa kwa maharage. Pale pesa haizunguki. Imeliwa. Mvua ikinyesha udongo unashuka, na mama anayetafuta kuni mwaka huu anatembea mbali kuliko alivyotembea mwaka wa kwanza, huku sheria ikisema mkimbizi asivuke kilomita 4 kutoka kambini.

Mzee wa Kiha mwenye shamba lake upande ule, aliyeuona mlima ukiwa na miti, nikimwambia kwamba kosa ni la Marekani atanitazama vipi? Tani 14 za Marekani ni kweli. Mlima wake mtupu ni kweli pia. Ni kweli mbili, zina vipimo viwili, na mimi kwenye somo langu nilizitia kwenye gunia moja nikashona mdomo. Hewa ya dunia nzima haikuharibiwa na mama wa kuni. Mlima wa jirani ameugusa, kwa sababu sisi sote tulikula ugali, na hakuna aliyempa kitu kingine cha kupikia.

Naandika "sisi sote tulikula" na najua nani kati yetu hakubeba. Mimi sijawahi kubeba mzigo wa kuni kichwani. Dada zangu wamebeba. Mvulana wa benchi la mbele alitafsiri vibaya, lakini nikifikiria nani katika kambi hii anaagiza chakula kiive na nani anakwenda kukutana na mwenye shamba porini, sina hamu tena ya kumcheka.

Kuna kosa la tatu ambalo mwalimu wa somo hili anaweza kufanya, na mzee mmoja wa zoni yetu, mvuvi wa zamani wa Uvira, ndiye aliyenizuia nisilifanye. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, maji yakaingia mitaa ya Uvira na ya Bujumbura, na huku Kigoma pia. Watu wetu walituma picha: nyumba maji mpaka madirishani. Nilikuwa tayari kusema, hayo ndiyo mabadiliko ya tabianchi, tazameni. Mzee akasema, "Mwalimu, ziwa hili limepanda zamani, likashuka. Waulize wazee wa Kalemie." Nilienda kusoma nikakuta yuko sahihi. Njia pekee ya maji ya ziwa kutoka ni mto Lukuga, pale Kalemie. Wazungu waliopita huko miaka ya 1870 walikuta njia hiyo imezibwa kwa udongo na majani, ziwa likiwa juu sana. Mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi, ziwa likashuka mita kadhaa. Miaka ya 1960 likapanda tena. Wakati huo wote hewa ukaa ilikuwa chini ya ilivyo sasa.

Je, ina maana joto la dunia halihusiki na ziwa? Linahusika. Maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, na maji ya moto yanakaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika vizuri, kama mafuta ya mawese juu ya mchuzi. Ziwa lina kina cha mita 1,470. Chakula cha viumbe wadogo kiko huko chini, na maji yasipochanganyika hakipandi; viumbe wakipungua, ndakala wanapungua, na ndakala wakipungua mukeke naye anakosa cha kula. (Hapa wanawaita dagaa na mgebuka, samaki hawajui mpaka.) Lakini kuwa na hakika juu ya samaki hakunipi ruhusa ya kudai kila futi ya maji iliyoingia Uvira. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020, yaliyoua watu mjini Uvira, yalikuwa na mvua kubwa, na vilima visivyo na miti, na nyumba zilizojengwa palipo njia ya mto. Mei 2023 huko Kalehe, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilifunikwa, na watu zaidi ya 400 wakafa. Kila moja ya sababu hizo ina watu wake wa kuulizwa: mwenye kiwanda mbali, mkata miti wa mlimani, aliyegawa viwanja kwenye bonde na kupokea pesa. Mwalimu akisema "tabianchi" halafu akafuta ubao, yule wa viwanja anakwenda nyumbani salama.

Ndugu zetu wa mashirika nao wanasoma kijarida hiki, kwa hiyo niseme kidogo nao. Mabango yenu ya kutunza mazingira tunayaona, na miche tunaipanda, mingine inashika. Sina ugomvi na bango. Lakini bango linasimama njiani ambako mama anapita na mzigo kichwani, na juu yake wamechora mtu mwenye shoka na alama nyekundu ya kukataza. Lita moja ya dizeli inayoungua hutoa zaidi ya kilo mbili na nusu za hewa ukaa, kuzidi uzito wa lita yenyewe, kwa sababu oksijeni ya hewani inaingia kwenye hesabu. Sijaona bango lenye gari. Sisemi liwekwe, gari la namna hiyo hiyo lilimpeleka dada yangu hospitali usiku alipokuwa anajifungua, na ningelipigia magoti. Naomba tu kwamba anayeruhusiwa kusema "gari hili lina sababu" aruhusu na kuni ziwe na sababu.

Nilimkuta yule msichana bombani, kwenye foleni ya ndoo, wiki tatu baadaye. Maji yalikuwa hayajafunguliwa, kwa hiyo tulikuwa na muda. Nikamwambia nina deni la swali lake. Nilianza na mahindi, zile punje 28 na 42, na watoto wengine wakasogea. Nikamwambia kwamba moto wa mama yake hauwezi kuonekana kwenye hesabu ile hata ukitafuta kwa tochi. Akatabasamu. Ningeweza kuishia hapo na angenipenda. Nikaendelea, nikamweleza habari ya visiki na ya mzee mwenye mlima. Tabasamu likaisha. Akauliza, "Kwa hiyo asiende tena?" Nikasema aende, ugali hauivi kwa jua, ila kisiki akiweza akiache, na jiko la matope linakula kuni kidogo kuliko mafiga, naweza kuja kuwasaidia kulijenga. Akasema jiko wanalo, lilipasuka. Nikasema nitakuja kulikandika. Niliona bado ana neno.

"Mwalimu, na kwenye mtihani? Wakiuliza nani anaharibu mazingira, niandike lipi? Hili la mahindi au lile la ubaoni?"

Kwenye mtihani kutakuwa na majibu manne ya kuchagua, na moja litakuwa l'homme. Anayesahihisha hatakuwa na debe mbili za mahindi wala hatamjua mzee mwenye mlima. Nikamwambia achague lile la ubaoni.

"Sawa," akasema. Bomba likafunguliwa, akasogeza ndoo yake mbele.

Jiko nimelikandika. Jumatatu nina somo lile lile kwenye darasa jingine, na aliyekuja mara ya kwanza atakuja tena na fomu yake. Fishi ya maandalizi iko hapa mbele yangu. Nimejaza tarehe, lengo, vifaa: chaki, mahindi kikombe kimoja, kisiki. Pale pa kuandika sentensi ya muhtasari, ile ambayo watoto watainakili, nimefuta mara mbili mpaka karatasi imeanza kutoboka.